Imefunguliwa

Mbaruku anataka aandikwe hivi:
"Mtaalamu wa Mitambo ya Ushonaji, Kanda ya Kaskazini."
Nimeshakunywa chai yake, siwezi kumcheka.
Namuuliza tu: sindano ikimkatikia mtu
usiku wa kuamkia Idi, nguo za watu zimejaa mezani,
umeme unasitasita, mtoto hajalala,
anaandika nini kwenye simu yake?
Anajikuna kidevu kwa bisibisi.
"Ataandika... fundi cherehani."
Na akiwa Chumbageni?
"Fundi cherehani Chumbageni."
Haya. Hilo ndilo jina lako.

Kazi yangu ni hiyo, haina uganga.
Nakaa na watu wa Ngamiani
wenye maduka yasiyozidi upana wa mlango,
nawavua maneno ya kadi ya harusi,
nawavika maneno ya mwenye shida.
Bi Mwanamvita alijitangaza "bidhaa bora za asili".
Samli yenyewe hakuitaja,
samli, neno linalonukia kabla kopo halijafunuliwa!
Hamidu wa magodoro hakuwa na picha hata moja.
Nikampigia: tano kwa sita, paka kajilaza katikati.
Mpaka leo wanaulizia bei ya paka.

Wote swali lao moja: nitoe shilingi ngapi niwe wa kwanza?
Toa saa zako za kufungua, za kweli.
Toa namba inayopokelewa.
Mwombe mteja aliyeridhika aseme kwa mdomo wake,
siyo binamu zako saba
waliokusifu siku moja, saa moja, kwa sentensi ile ile.

Ramani nayo ina vituko vyake.
Mwezi wa tatu ilimtupa Mbaruku baharini,
mita mia mbili mbele ya Raskazone.
Mama mmoja katoka Muheza na cherehani,
kaufuata mshale hadi maji yakamlowesha kandambili,
ndipo akapiga: "Fundi, nimefika. Kwani wateja wako ni papa?"
Nikaivuta ile alama kwa kidole, polepole,
ikapanda nchi kavu, ikapita Bombo, ikavuka reli,
ikaingia Barabara ya Kumi na Mbili.
Nikaiacha mlangoni pake, penye ngazi iliyomeguka.

Jana nimepata mteja mpya, Yohana Shekalaghe,
fundi saa, Barabara ya Kumi na Tano.
Usiku nikaandika kama mtu mwenye shida:
fundi saa Tanga.
Nione nani yuko mbele yake.

Wa pili: Semkiwa, Saa na Redio.
Meza ya kioo, na juu ya kioo mkono
wenye kovu la moto wa kuchomelea.
Mkono wa baba.
Niliipiga mwenyewe nilipokuwa najifunza kazi hii,
mteja wangu wa kwanza, na deni hakulipa.
Chini yake mtu kaandika: "Ana maneno mengi ila saa inatembea."
Chini zaidi, kwa rangi ya kijani: Imefunguliwa.

Tumemzika mwaka wa nne huu.
Pale dukani sasa wanakaanga chipsi.

Kuna kitufe: Imefungwa kabisa.
Mteja angeniuliza, ningemjibu bila kupepesa:
bonyeza, usimpotezee mtu nauli.
Mimi huyu huyu, wa saa za kweli.
Lakini namba yake ninayo kwenye simu ndogo.
Kila mwezi naiwekea mia tano isizimwe.

Leo, magharibi bado, ikaita.
"Huyo ni fundi saa?"
Nikakaa kimya, huko kwake pikipiki zikipita.
"Haloo? Yangu imesimama tangu Ijumaa."
Nikamwelekeza kwa Yohana, Barabara ya Kumi na Tano,
mlango wa buluu, mkabala na msusi.
Kesho kuanzia saa mbili.
"Na wewe ni nani?"
Wa dukani, nikasema.

Kitufe bado sijakigusa.