Mstari wa Mia Mbili Kumi na Nne

Ostrava, Januari. Theluji hushika masizi
kabla haijagusa chini.
Ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya tramu,
niko na kompyuta ya kijivu iliyo mvunguni mwa meza,
imebandikwa karatasi: USIZIME.
Mwandiko wa Otakar Hrubeš. Wino umepauka,
amri haijapauka.

Kazi yenyewe ukiitaja ni ndogo:
maktaba moja ya hesabu za madaraja.
Si ya vitabu, nilimweleza mama,
haina rafu wala wa kukukemea unyamaze;
ni fungu la kanuni ambalo programu nyingi huazima
na hakuna inayorudisha.
Ijengwe mara moja, itumike kwenye mifumo mitatu.
Mara moja! Aliyetia neno hilo kwenye mkataba
hajawahi kupikia wageni watatu,
mmoja hagusi chumvi, mmoja hali kilichopoa,
wa tatu hali mpaka sufuria ibadilishwe jina.

Huku mkwaju wa njia za faili hulalia kulia,
kule hulalia kushoto.
Huku Daraja na daraja ni vitu viwili;
kwa yule wa tatu ni kimoja,
huandika cha pili juu ya cha kwanza
bila hata kukohoa.

Na zana ya kujengea ni ya mwaka tisini na moja.
Waliozaliwa nayo wamekwisha kuzikwa,
yenyewe imebaki kama shangazi mkali msibani.
Jina la faili likiwa na nafasi katikati, hulikata vipande viwili.
Ukikosea husema: Kosa.
Wapi? Haikuambii.

Kila Jumatatu Bi. Svatava huchungulia mlangoni:
kwa nini tusitumie zana mpya?
Kwa sababu, namjibu, itatujengea kwa dakika mbili
kitu ambacho hatujui kinabeba nini.
Hucheka. Huacha mlango wazi, baridi inaingia.

Ndani ya hati ya ujenzi kuna maneno ya Otakar:
«Hii ni ya Bratislava. Usiguse.»
Alipoianza, nchi ilikuwa moja.
Kisha asubuhi ya mwaka mpya zikawa mbili,
wakagawana mabehewa, wakagawana vifaru,
mbili kwa moja, mbili kwa moja,
hii hawakuigawa
kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kwamba ipo.
Bado wanaazima. Nasi tunaazima.

Siku ya tisa, Kosa.
Nikampigia hospitalini Opava,
amebadilishwa nyonga, sauti imejaa dawa.
Sikumaliza hata kueleza.
«Mia mbili kumi na nne. Umeweka nafasi nane.
Inataka tabo moja.»
Nikasema, lakini ni utupu uleule.
«Kwa macho yako, Zdislava.»

Nikafuta utupu, nikaweka utupu.
Feni ikapiga kelele, taa ya kijani ikapepesa,
chini tramu ikapita na vikombe vikagongana.
Faili tatu, mikia mitatu tofauti, tumbo moja.

Nikazipa daraja lilelile, tramu ileile, tani thelathini na moja.
Mbili zikakubaliana.
Ya tatu ikatofautiana kwenye tarakimu ya kumi na tatu
baada ya nukta.
Nikampigia tena, saa za kuona wagonjwa zimepita.
«Imezidi au imepungua?»
Imezidi.
«Iache. Daraja halisomi.»

Akanyamaza. Nilidhani kasinzia.
«Ile mashine,» akasema, «bado inanguruma?»
Sikujibu. Nilipiga magoti,
nikaisogeza simu mvunguni, karibu na feni,
nikaiacha hapo.

Baadaye niliambiwa muuguzi aliikuta sikioni mwake,
akasikiliza kidogo,
akaikata, akidhani laini imeharibika.