Asiyepiga Hodi

Kabla ya adhuhuri mama kanipigia mara tatu:
"Njoo Limbani. Kompyuta aliyoiacha nduguyo ina wageni."
Nikapanda gari kutoka Chake, flashi mfukoni,
nikamkuta kakaa mbele ya kioo, mtandio begani,
anakijibu kidirisha:
"Sitaki. Nshakwambia sitaki."

Kidirisha kinampongeza, ameshinda gari.
Cha pili kinamwambia mashine inaumwa, anunue dawa.
Cha tatu ni mwanamke nusu uchi;
huyo mama kamfunika
kwa kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya redio.

"Mlango nnaufunga kwa komeo," akasema,
"huyu kaingilia wapi, na hodi hakupiga?"

Aliingia na mchezo wa magari, mama,
wa Mbarouk, mjukuu wa Bi Riziki, siku ile ya mvua.
Alibonyeza Kubali, Kubali, Kubali,
kama aitikiaye dua asiyoijua maana.

Kwanza nikachomoa waya wa mtandao.
Mdokozi ukitaka kumkamata, anza na mlango wa uani.
Nikaiwasha upya katika hali salama
na kioo kikarudi na herufi nene, rangi chache,
kama mtu aliyevua meno ya bandia.

Nikaanza kuchambua.
Mama akavuta kigoda. Mkao huu anaujua:
miaka arubaini kachambua karafuu,
kidole gumba kinasukuma, konyo huku, tumba kule.
"Hili?"
Hilo liache, ndilo linalochapisha.
"Na hili?"
Hili limejipa jina la kinga,
limevaa kanzu, limeshika tasbihi,
na ndilo jizi lenyewe.
Nikalifuta. Likauliza kama nina hakika.
Nikalifuta. Likasema litasikitika.
Nikawasha upya: limo, limekaa palepale,
limebadili herufi moja tu ya jina.

"Kikulacho," akasema mama, na hakumalizia.

Saa nane na nusu ukaguzi umefika
asilimia tisini na moja.
Umeme ukakatika.

Ni katika ukimya ule, feni imesimama,
chai ya mchaichai mkononi, ndipo akauliza hasa:
"Huyo mwengine, unayesema hatangazi kitu,
kakaa kimya tu. Anafanya nini?"
Anasoma unachoandika, mama. Kila herufi. Kisha anapeleka.
"Kwa nani?"
Sijui.

Akapuliza chai iliyokwisha kupoa.
"Zamani aliyekuja kusikiliza chini ya dirisha
tulimjua kwa kikohozi.
Babako akimwita: Faki, ingia ndani, umande huo.
Huyu wenu hana hata kifua."

Nilidhani ni hesabu za upatu,
majina ya watu wa khitma, oda za sambusa.
Magharibi, mashine imetakasika,
vitu mia nne na kumi na viwili vimefutwa,
nikaona faili moja isiyo na jina.
*Shaame mwanangu*, inaanza,
na inaanza hivyo mara kumi na tisa,
tarehe mbalimbali, miaka miwili,
kwa yule wa Maskati asiyepokea simu.
Haikutumwa hata moja.

Nilisoma mistari miwili. Wallahi, miwili tu.

Katoka, mama, nikamwambia. Kumesafika.
Akaugusa ubavu wa mashine kama apimaye homa.
"Basi kazisoma zote?"
Huenda.
"Hata ile ya Idi?"
Sikujibu. Sikutakiwa kujua kwamba ipo ya Idi.

"Mtu wa subira, huyo," akasema,
na sikujua anamsema nani.

Neno jipya la siri kalichagua mwenyewe.
Kaliandika kwa kidole kimoja, polepole,
na kabla hajaanza
kageuza kioo upande wake,
nisione.