Mabano

Kibanda chetu ni cha kioo, nyuma ya ukumbi, Khuwair.
Hakitoshi watu wawili kukohoa kwa pamoja.
Mimi na Zuwena tunapokezana, nusu saa kwa nusu saa:
Kiswahili kiingie sikioni, Kiarabu kitoke mdomoni,
na katikati pasibaki kitu. Ndiyo kazi,
kuwa mfereji wa Nizwa,
maji yanapita, wenyewe hauyaonji.

Siku ya pili. Rasimu ya sera imefika ibara ya kumi na moja.
Mgeni wa Vienna ana michoro ya rangi tatu.
Afisa wa forodha wa Sohari ana ramani ya pwani,
mishale myekundu imeielekea yote.
"Mzigo," anasema, "hauombi viza."
Watu wanacheka kidogo, wanarudi kwenye kahawa.

Kisha inafika zamu ya muuguzi wa Tanga,
Sista Perpetua Mhando, viatu vya raba,
karatasi moja iliyokunjwa mara nne.
Hana mshale hata mmoja.
Anasema saa kumi na mbili asubuhi hufungua dirisha,
foleni imeshajipanga, kikombe kidogo cha methadoni;
mtu anywe, ataje jina lake, ndipo aende.
"Ataje jina nijue amemeza.
Lakini wapo ambao, ndugu wajumbe,
mwaka mzima hakuna aliyewauliza jina."

Nikatafsiri. Sauti yangu haikuyumba.

"Mtaani anaitwa teja," akasema.
"Sisi pale dirishani tunasema mteja.
Ni herufi moja tu, mniwie radhi,
ile ile iliyo mbele ya mtoto, mbele ya mgeni.
Ukiikata, umemtoa kwenye ngeli ya watu,
umemweka na mawe na makopo."

Hapo nikakwama.
Kiarabu hakina ngeli ya watu,
na mkalimani hupewa sekunde mbili.
Zabuni? Hilo la dukani.
Mraibu? Ndilo hilo wanalolipigania tangu jana.
Mdomo ukanitangulia:
*akhuya*, nikasema kwenye kipaza sauti.
Ndugu yangu.

Dokta Qahtan akavua kisikizi, akakitazama,
kama vile kimeharibika.
Zuwena akanigeukia.
Zuwena, ambaye miezi saba nimemwambia
Yaarubu yuko Salala, kapata kazi bandarini.

Yaarubu yuko Mabela, chumba cha uani.
Ufunguo uko kwenye pindo la kanga ya mama.
Akigonga usiku, mama huongeza sauti ya redio.
Hatukumpeleka hospitali: tuliogopa faili,
na faili, tuliambiwa, lina njia ya kwenda polisi.
Nani alituambia? Sijui. Watu.

Ibara ya kumi na moja haikupita siku ile.
"Mhalifu" akawekwa ndani ya mabano,
"mgonjwa" akawekwa ndani ya mabano,
mstari mlazo katikati yao,
na taa zikazimwa.
Nilizoea kuona maneno yakilala hivyo,
yamefungiwa pande zote mbili yakisubiri wakubwa wakubaliane.
Usiku ule sikuweza kulala nayo.

Siku ya tatu mabano mamoja yaliondoka.
Ya pili yalibaki; mtu wa wizara nyingine hakuwa na idhini.
Sista Perpetua aliniomba tende za kupeleka Tanga,
za foleni, akasema, si za nyumbani.
Kuhusu lile neno hakuniuliza.
Akaandika tu namba yake nyuma ya karatasi ile ya mikunjo minne.

Nimefika nyumbani, Bi Shinuna wa jirani yupo sebuleni,
kikombe mkononi, anauliza kama siku zote:
"Na Yaarubu? Hajambo huko?"
Mama akaanza, "Yuko Sala—"
akanitazama, akaitazama karatasi mkononi mwangu.
Vidole vyake vikashuka kwenye pindo.

"Mgonjwa," akasema.
"Yumo humu ndani. Mgonjwa."

Bi Shinuna akaweka kikombe chini.
Redio ilikuwa imezimwa.
Sote watatu tukasikia mlango wa uani ukigongwa,
polepole, kama mtu anayetaja jina lake.