Mwanagenzi wa Ghorofa ya Thelathini na Moja

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Yangu waliifunga shingoni, ya buluu,
na mwishoni picha yangu, macho kodo,
jina limepungua herufi: WIEBE.
Kwa wiki tisa mlango wa kioo
ulinijua kwa jina hilo.

Frankfurt, Julai. Chini kabisa mto Main
umetulia kama sinia lililosuguliwa,
watu wamelala majanini vifua wazi.
Humu kiyoyozi kinauma.
Hata Anselm, ambaye baba yake
hucheza tenisi na mkurugenzi,
ameficha sweta la sufu kwenye droo.

Siku ya kwanza nilifunzwa
kwamba nukta si mkato.
Kwetu mkato hutenga senti,
kwenye majedwali yao hutenga maelfu.
Nilipoteza milioni nane kabla ya chakula cha mchana.
Bwana Reinders akazirudisha kwa kidole kimoja
bila kunitazama:
"Hazikuwa pesa. Zilikuwa tarakimu."
Neno lile ninalo hadi leo,
kama mtu aliyerudishiwa chenji
asijue imezidi au imepunjwa.

Saa nane usiku simu hutetemeka.
Ni baba, kule Leer, amewasha tanuri.
*Umelala?*
*Bado. Umeamka?*
*Ndiyo.*
Yeye anaanza siku, mimi sijaimaliza,
tunapishana kwenye kizingiti cha usiku uleule
kama watu wa zamu.
Ananitumia picha ya donge likiumuka,
namtumia mchoro wa faida ikipanda.
*Vyote vinafura*, anaandika,
*ila changu huliwa.*

Bi Dragica hupita na mashine ya kufyonza vumbi.
Hasemi "inua miguu", hunyanyua nyusi tu,
nami nainua.
Usiku mmoja aliuliza wananilipa ngapi kwa saa.
Nikagawanya. Nikatazama jibu.
Nikafuta kisanduku kile,
nikamwambia sijui.

Wiki ya sita ukaja Mradi Korongo.
Kampuni inanunua kampuni, basi,
na mimi nikapewa mistari mia mbili na kumi na tatu,
kila mstari duka la mikate,
na safu ya mwisho: KUFUNGA.
Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo.
Sikuchagua mimi, fomula ilijaza yenyewe,
mimi niliiandika tu.
Mstari wa themanini na nane: Emden, karibu na stesheni.
Shangazi Hiske amesimama pale miaka kumi na tisa,
soksi za kubana hadi magotini.
Ndiyo.

Nilikagua mara tatu
nikiombea kosa. Nukta. Mkato.
Hesabu ilikuwa safi kama mfupa.
Bwana Reinders akasoma, akatikisa kichwa taratibu:
"Kazi nzuri, Wiebe."
Na mimi
(hili sijamwambia mtu)
nilifurahi.
Nilishuka kwa lifti nikitabasamu
ghorofa zote thelathini na moja.

Siku ya kuaga walinipa mwavuli wenye nembo
na barua: karibu tena, safari hii kwa mshahara.
Nikaikunja barua ndani ya mwavuli.
Treni ikaenda kaskazini, nchi ikazidi kulala chali,
ng'ombe, mitambo ya upepo, ng'ombe.

Jikoni kwa baba sukari ya mawe
ililia ilipomwagiwa chai.
Shangazi Hiske alikuwepo, miguu juu ya stuli.
Akauliza kama benki huhesabu
ile mikate ya jioni isiyouzwa,
anayomfungia mzee wa ghorofani
na yule kijana wa stesheni.
Nikasema hapana.
Haina safu.
"Aa," akasema, akachovya ukoko kwenye chai.
Kisha akataka kuuona mwavuli.

Nilikuwa napapasa shingo.
Kamba haipo.
Mkono ukashuka,
halafu ukarudi tena kutafuta.