Kifaa cha Pili

Fomu ina mistari miwili tu:
kifaa cha kwanza, kifaa cha pili.
Chini yake, kwa muhuri uliokaukiwa wino:
Wakazi wa bweni pekee.

Mimi si mkazi. Mimi nimebebwa.
Chumba namba kumi na nne, deka ya dirishani, kitanda cha juu,
jina lililobandikwa mlangoni ni Anzawe Nangumbi,
nami nalala naye mzungu wa nne,
nyayo zake shavuni kwangu, zangu kwake,
tangu wiki ya pili ya Novemba.

Kaka Mchopa ana ofisi chini ya ngazi,
palipokuwa stoo ya mafagio.
Hufungua saa tisa. Hufunga akichoka.
"Kompyuta ya nani hii?"
"Yangu," akasema Anzawe, kabla sijameza mate.
Akaigeuza. Mgongoni ina doa jeusi
la mafuta ya ganda la korosho, umbo la kidole gumba:
cha baba, siku alipoipokea kwa mtu wa Kitangari
badala ya deni la magunia mawili.
Mchopa ni mtoto wa Newala, doa lile analijua.
Hakuuliza binti huyu alitoa wapi
kidole gumba kikubwa namna hiyo.
Akafungua mipangilio, akasoma kwa sauti
kama mwalimu anayeita mahudhurio:
nne, C, sifuri, saba, F, F...
mpaka zikatimia kumi na mbili.
Sikuwa najua kwamba mashine huzaliwa na jina,
tena refu kuliko langu,
na kwamba mlangoni huulizwa hilo, si sura.

Usiku ule ukurasa ukafunguka:
KARIBU, ANZAWE NANGUMBI.
VIFAA VYAKO: VIWILI KATI YA VIWILI.
Tulicheka mpaka chumba cha kumi na tano wakagonga ukuta.

Simu yangu ilibaki nje. Si haba.
Simu iliniuliza nywila, nikaiambia subiri,
nikaenda Ligula kununua bando la mia tano,
nikasimama juani kumjulia hali baba,
nikarudi na dakika zilizobaki mfukoni kama chenji.

Machi, herufi moja ikakosewa
katika cheti cha kifo cha mama yake Anzawe.
Bodi ikaandika: maombi hayajakamilika.
Ada ikaandika: deni.
Aliondoka na basi la saa kumi na mbili,
godoro akaliacha, na ndoo, na pasi.
"Sasa lala katikati," akasema.
Silali katikati.
Bado najibanza ukutani, kichwa upande wa miguu,
na asubuhi nakuta nimeacha nafasi yake
haina hata mkunjo.

Jina lake, lakini, linasoma.
Limeandika insha tatu, moja imepata alama B.
Limepakua vitabu usiku wa manane.
Limepewa onyo moja kwa kutazama mpira.
Jana Mchopa alinikuta ngazini, amebeba waya begani.
Akasema bila kusimama,
"Anzawe, muhula ukiisha orodha inafutwa.
Wote mnaanza upya."
Nikamwitikia, "Sawa, kaka."
Niliitika haraka mno.

Leo nimempigia kwa kompyuta.
Nanyamba mawimbi hushika sehemu moja tu,
nyuma ya mizani ya ushirika,
kwa hiyo husimama pale, mkono mmoja sikioni,
watu wakipita na baiskeli.
Sauti yake ilikuja vipande vipande,
habari za cheti, za karani aliyesafiri,
kisha kimya, kisha mkwaruzo, kisha:
"Upo?"

Nikatazama kona ya kioo, palipoandikwa jina lake
na nukta ya kijani pembeni.
"Upo," nikamjibu.
"Upo kabisa. Viwili kati ya viwili."