Nadhiri ya Batuli

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado masikioni
Batuli alipogonga dirisha langu la Barani kwa funguo:
"Shoga, ukikaa kunywa chai nakuacha."
Sikukaa. Chai niliitia chupani,
nikafunga mahamri sita, limau moja,
na plasta, ambazo alizicheka mpaka akakohoa.

Kwa miguu hadi Mambrui, ziara ya mfungo sita.
Nadhiri ni yake. Mimi msindikizaji,
shahidi wa visigino.
Aliiweka mwaka jana, mwezi gani sijui,
kwa ajili ya nini sijui.
Miaka thelathini namjua mwanamke huyu:
najua meno aliyong'oa na aliyemng'oa,
najua deni lake kwa muuza kanga,
hili hakunipa.

Nje ya mji, bodaboda wa kwanza:
"Mama zangu, mia mia, nawafikisha."
Wa pili akashuka hadi hamsini.
Wa tatu akasema bure, kwa thawabu,
na hapo, nakiri, nilisita.
Batuli hakugeuza hata shingo.
"Zako ziweke, mwanangu.
Zangu nazilipia kwa unyayo."

Malori ya chumvi yakashuka kutoka Gongoni,
kila moja likitupiga kofi la upepo,
likituachia midomoni
ladha ya mchuzi uliokosewa.

Daraja la Sabaki. Akasimama katikati.
Chini, mto rangi ya chai ya maziwa
ukibeba udongo wa watu wa bara
bila kuwauliza;
mbali, mdomoni mwa mto, heroe,
vitambaa vya waridi alivyoanika mtu akasahau.
Batuli akatoa kifuani kikaratasi
kilichokunjwa hadi kikawa kidogo kama hirizi,
akakitazama bila kukikunjua,
akakirudisha.
Swali likanifika kwenye meno.
Nikalimeza pamoja na hamri.

Ng'ambo, mguu wake wa kushoto ukaota lengelenge.
Plasta hakuzicheka tena.
Nikimbandika, yeye akatunga, kidole hewani:

*Mguu ewe mguu, wacha kunilalamia,
huna lako la makuu, ndimi niliyenuia,
ukivimba kama buu, bado nitakutumia,
nenda, vumbi liko juu, na jua latwangalia.*

"Mshororo wa mwisho umejazia tu," nikamwambia.
"Mguu wenyewe umejazia tu," akajibu,
tukacheka tumekaa kwenye changarawe
kama watoto waliotoroka chuoni.

Saa sita jua halikuwa na adabu.
Mama mmoja wa Kigiriama akatoka uani na jagi,
hakuuliza twatoka wapi wala twaenda wapi,
alitazama vumbi la miguuni akahesabu:
"Nyinyi wa kumi na saba na wa kumi na nane."
Nikatoa sarafu. Akanitazama
kama niliyemtukania mama yake.
Tukanywa. Maji yalinuka moshi na mtungi.
Sijapata kunywa maji.

Kisha hatukusema kitu, labda saa nzima.
Kandambili zake zilisema pa, zangu zikasema ta,
mara zikagongana, mara zikapishana,
na nikagundua kuwa mimi ndiye ninayemfuata pumzi
kumbe yeye anajipunguza aniongoje.

Mambrui tuliingia baada ya alasiri.
Matwari yalikuwa yameshaanza,
vijana wa kanzu wakiyumba safu moja,
vitoto vikiwaigiza nyuma, vikianguka.
Tukanawa miguu kwenye birika la msikiti;
maji yaliyotiririka yalikuwa Sabaki ya pili.
Akaingia kwa wanawake. Mimi nilibaki barazani
nikilinda viatu ambavyo mwizi angetulipa avichukue.
Alikaa. Alikaa sana.
Akatoka macho mekundu. Vumbi, alisema.
Vumbi, nikakubali.

"Na kurudi?" nikauliza, nikikusanya ushujaa.
"Nadhiri ilikuwa ya kuja," akasema,
mkono umeshainuliwa, tuktuk imeshasimama.
"Ya kurudi sikuitaja."

Alilala begani kwangu kabla hatujafika barabara kuu.
Kikaratasi kilikuwa kiganjani, vidole vimelegea.
Nilikichukua.
Nilikitia kifuani mwake, na mikunjo yake yote.
Daraja tukalipita
sijamaliza kuhesabu hadi kumi.