Skrubu ya Tatu

Nilifika Ruwi kabla jua halijaota meno,
na Pijo ya marehemu baba, modeli ya sabini na tano,
rangi ya maziwa yaliyodondokewa chai.
Nikapanga foleni nyuma ya magari yanayong'aa kama sinia za harusi.

Luteni Thuwaini alizunguka mara mbili.
Akapiga gurudumu teke la upole,
akanusa injini kama mtu anayenunua samli,
kisha akasoma, kidole kikifuata mstari:
"Gari la kale laruhusiwa kibao cha kale.
Bati lilelile. Tarakimu zisizoguswa na brashi.
Namba iwe ile iliyomo failini,
kisizidi kitu, kisipungue kitu.
Vinginevyo kitang'olewa,
upewe kipya, kama wenzako."

Akachuchumaa.
"Kibao kinasema mia tatu na themanini.
Faili linasema thelathini na nane."

Mia tatu na themanini niliijua kabla ya juzuu Amma:
tatu yenye meno,
nane iliyosimama kama paa la hema,
na sifuri, ambayo kwa tarakimu za Kiarabu ni nukta tu,
tone la wino lililodondoka likaachwa.

Alitia kitambaa petroli, akasugua nukta.
Nukta ikaonyesha mfuo.
Skrubu.

Ndipo nikaukumbuka mwaka ule wadi liliposhuka,
maji rangi ya kahawa,
kibao kikaning'inia kama jino la mtoto,
na baba uani na drili ya kuazima,
akatoboa pale palipompa nafasi.
Kichwa cha skrubu akakipaka rangi nyeusi,
isipate kutu, alisema.

"Mia tatu na themanini ina mwenyewe,"
Thuwaini alinigeuzia kioo cha kompyuta.
"Shamis bin Marhun, Sinaw.
Faini za mwendo kasi kumi na tisa. Zote amelipa.
Zote barabara ya Nizwa, siku za Ijumaa."

Ijumaa. Barabara ya Nizwa.
Shangazi Ghusna na sufuria ya halwa,
na baba akikanyaga mafuta:
"Halwa ikipoa si halwa."

Nilimpigia mama. Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika.
"Watu walikuwa wakigonga mlango usiku," alisema,
"wanaitaka namba ya tarakimu mbili kwa bei ya nyumba.
Tangu skrubu ile, hakugonga mtu.
Baba yako alikuwa na mambo yake. Usiniulize zaidi."

Thuwaini alinipa bisibisi.
Yeye sheria haimruhusu kugusa.
Skrubu ililia, ikatoka,
ikaacha pete ndogo ya rangi
ambayo haikuwahi kuona vumbi,
na katikati, mwanga.
"Tundu si namba," alisema,
akagonga muhuri.

Lakini deni la maiti halina muhuri.

Alhamisi, siku ya soko, nilikuwa Sinaw,
kwenye duka la kamba na matandiko ya ngamia.
Niliweka mezani riali nilizozihesabu mara tatu,
na juu yake skrubu.
Nikaeleza. Shamis alinisikiliza akikunja kamba,
akanijibu kwa Kiswahili cha Bujumbura alikozaliwa:

"Jaifar alikuwa akisoma Nizwa.
Aliapa kwamba si yeye. Nikamwambia
kamera haina ulimi wa kusema uongo.
Nikamnyang'anya funguo mbele ya wageni.
Yuko Al Ain, mwaka wa sita huu.
Salamu zake hunifikia kupitia dada yake."

Nilikosa la kusema. Ngamia mmoja nje alikuwa akikataa kupanda pikapu.
Shamis alizisogeza riali upande wangu.
"Marehemu nimemsamehe."
Kisha akaiokota skrubu, akaitazama mfuo wake,
akaifunga kwenye ncha ya kilemba.
"Hii niachie. Sitaweza kumweleza
nikiwa mikono mitupu."

Nilirudi Maskati polepole,
malori yakinipita na kunipigia honi,
na mbele, chini ya taa,
thelathini na nane ikipiga mluzi
kwa lile tundu lake.